Ufunguo wa Bweni Uko kwa Nani Saa Nane za Usiku?

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona binti yangu, anasoma bweni kwenye shule iliyo juu ya mojawapo ya vilima vyetu vya mawe hapa Mwanza. Tulipomaliza kula wali niliompelekea kwenye hotpoti, nikamsaidia kubeba ndoo hadi bwenini. Bweni lina milango miwili. Wa mbele ndio tulioingilia. Wa nyuma umezibwa na magodoro mabovu na matranka, na kwenye komeo linaning'inia kufuli lenye kutu. Madirisha yote yana nondo, kwa ajili ya wezi.

"Samahani dada," nikamuuliza matroni, "ufunguo wa mlango ule anao nani?"

"Uko ofisini, mzazi."

Ofisini haukuwepo. Mlinzi akasema anao mwalimu wa zamu. Mwalimu wa zamu akatutuma stoo. Ulipopatikana zilikuwa zimepita dakika ishirini na tano, mchana kweupe, hakuna moshi wala mtoto anayelia. Tukauingiza kwenye kufuli, ukagoma kuzunguka.

Simlaumu matroni yule. Analala chumba cha pembeni cha bweni hilohilo. Moto ukiwaka, anaungua na watoto wetu. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyewahi kukaa naye na kumwonyesha la kufanya, na huko ni kumwonea yeye na kuwaonea watoto.

Sisi wa Mwanza tunalijua hili kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya abiria MV Bukoba ilipinduka karibu kabisa na kufika kwetu, ikabaki inaelea kifudifudi, na ndani walikuwemo watu hai wanaogonga chuma. Waokoaji wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka kwenye tundu hilo, meli ikazama. Waliotoboa walikuwa na huruma tele, walitaka kuokoa. Kila nikipita makaburi ya Igoma, walikozikwa wahanga wa ajali ile, nalikumbuka tundu lile.

Na mabweni nayo yana historia yake ya moto: Shauritanga 1994, Idodi 2009, Kyerwa 2020. Huko Kyerwa ni Kagera, ng'ambo tu ya ziwa letu, na waliokufa walikuwa watoto wa shule ya msingi.

Kwa hiyo ninapoambiwa shule ina mitungi ya kuzimia moto, nauliza: nani amewahi kuushika hata mmoja, akachomoa pini? Mlinzi amewahi? Mpishi je, ambaye ndiye anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko wakati wengine wote wamelala? Mafunzo yakija, mara nyingi huitwa walimu peke yao, na usiku walimu wengi wako majumbani kwao. Namba 114 ya Zimamoto iandikwe kwa rangi kubwa ukutani, sawa, lakini gari lina safari ya kupanda kilima. Dakika za kwanza ni za waliopo.

Nataka zoezi la usiku, kila muhula. Firimbi ilie, taa zizimwe, watoto watoke kwa milango yote miwili hadi uwanjani, waitwe kwa majina na siyo kuhesabiwa vichwa tu, na ijulikane mapema nani anamshika mkono mwenzao asiyeona au anayetembelea magongo. Halina gharama ya kumtisha mkuu wa shule.

Radi nayo isisahaulike. Januari 2025 iliua wanafunzi 7 wilayani Bukombe, jirani zetu wa Geita. Watoto wafundishwe kuukimbia mwembe wa uwanjani na kuingia ndani mara ngurumo ya kwanza inaposikika. Watu wazima wafundishwe jambo ambalo wengi wanaliogopa: aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mshike. Kama hapumui, mkandamize kifua mara moja, usisubiri.

Kwenye kikao cha wazazi tulikuwa tumejadili michango ya chakula kwa saa mbili. Niliposimama kuuliza habari ya mlango, mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Na bweni la wavulana mkalitazame." Kumbe hata kule ni hivyohivyo.

Kufuli limeondolewa wiki hii, limewekwa komeo la kufungulia kwa ndani. Magodoro bado yapo pale mlangoni. Jumamosi napanda na vijana wawili wa mtaani kwetu kuyatoa.