Mnung'unikaji kazini: shida ni yeye au ni mizani?

Mabosi wengi huku Nyanda za Juu Kusini ukiwauliza mbona kazi haiendi wanakujibu kitu kimoja tu, watu hawana moyo wa kazi. Sikatai, nimeliona. Nimekuwa karani wa mizani shamba moja la chai Mufindi misimu miwili, na mtu mmoja aliyekata tamaa anaweza akaliharibu genge zima kabla hata ya saa nne asubuhi.

Na chai yenyewe haivumilii. Yale majani mawili na chipukizi yakishachumwa lazima yafike kiwandani siku hiyohiyo, yakishindiliwa kwenye gunia yanapata moto, yanabadilika rangi, ubora umeondoka. Sasa watu wakipakia kwa kujivuta huku wanasengenyana, hasara inampata hadi yule aliyejituma tangu alfajiri kwenye ule ukungu na baridi. Hapo bosi ana haki kabisa ya kulalamika.

Ila kuna mama mmoja sitamsahau. Kila jioni lazima abishe. "We karani, hayo maji mnayokata ni ya mvua ipi, si jua limewaka tangu asubuhi?" Masika tulikuwa tunakata kilo mbili kila mzigo kwa ajili ya maji kwenye majani, sawa, lakini mvua zilikatika na kilo mbili zikaendelea kukatwa. Nyapara akasema huyu mchochezi, akamhamishia kule bondeni mbali na kituo cha mizani. Genge likatulia kweli, na kilo hazikupanda, zilishuka! Watu wakaanza kuchuma kwa kipimo, mtu akifikisha kiasi chake anazubaa tu, na kijana mmoja mwenye mikono myepesi akaambiwa waziwazi punguza spidi, utatupandishia kiwango sisi wengine.

Kumbe wala sio sisi tu. Kule Marekani kwenye kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, mwaka 1931 hadi 1932 watafiti walikaa na wafanyakazi 14 wa chumba cha kuunga nyaya wakakuta kitu kilekile, wanalipwa zaidi wakizalisha zaidi lakini wanabanana wenyewe kwa wenyewe asizidishe mtu, wanaogopa malipo yatakuja kupunguzwa. Huo sio uvivu jamani, hao hawaamini ofisi.

Wanaosema lipa vizuri tu kila kitu kitanyooka nao wanazidisha. Kuna mtu analipwa kwa wakati, hakatwi hata mia, bado kila mgeni akija anamvuta pembeni anamwambia hapa usijichoshe hakuna anayekuona. Huyo aitwe, aonywe, akishindikana aondoke, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inaruhusu ilimradi kuna sababu ya msingi na utaratibu umefuatwa. Tatizo mabosi wanaanzia hapo, kabla hawajaenda kuangalia mizani, na mtu anayenung'unikia jambo la kweli anawekwa kapu moja na mharibifu.

Mimi ndo nilikuwa naziandika zile kilo mbili, siku za jua, na nilinyamaza. Yule mama alikuwa anaunyanyua mzigo wake kwa mkono mmoja kabla hajaupeleka kwenye mizani, anautaja uzito, halafu ananitazama usoni. Mara nyingi alipatia.