Mikutano ya wanablogu bado inahitajika
Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anadai kwamba mikutano ya ana kwa ana ya wanablogu imepitwa na wakati kwa kuwa makundi ya WhatsApp yanatosha kuwaunganisha, nami siafiki hata kidogo. Ushahidi, jukwaa la mtandaoni la kukusanya taarifa za ghasia na kuzionyesha kwenye ramani, lililozinduliwa Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, lilitokana na wito wa kutengeneza ramani hiyo ambao mwanablogu Mkenya Ory Okolloh aliutoa kwenye blogu yake, lakini baadhi ya walioitikia upesi, wakiwemo wanablogu wenzake Erik Hersman na Juliana Rotich, walikuwa wamehudhuria pamoja naye kongamano la TEDGlobal mjini Arusha Juni 2007. Wito kama huo huitikiwa na watu wanaoaminiana, na imani ya namna hiyo, kwa niliyoyaona hapa Nairobi, hujengwa mezani, mara nyingi baada ya hotuba kwisha. iHub, kituo cha wanateknolojia kukutana na kufanyia kazi, ilipofunguliwa Barabara ya Ngong mwaka 2010, wengi wetu tuliokuwa tukisomana tu tulianza kushirikiana kazi. Ninachokubaliana na mwandishi huyo ni gharama: nauli na malazi humfungia nje mwanablogu wa Lodwar au Garissa. Wenzangu mlio mbali na Nairobi, ninyi hukutania wapi, na nani hugharamia?