Anayejifunza kupangia kwaya nyimbo aanze na watoto au na watu wazima?

Waulize wapangaji wa nyimbo za kwaya hapa Kisumu walijifunza vipi, na wengi watakupa hadithi zinazofanana. Mpangaji alisimama safu ya teno au ya besi miaka kadhaa, mkononi ana karatasi ya solfa (noti zilizoandikwa kwa herufi: d ya Doh, r, m, f, s) iliyofifia kwa kuwa ni fotokopi ya fotokopi, mpaka siku mwalimu wa kwaya alipohamishwa kikazi na yeye akasukumwa mbele. Akaanza kuandika alichokizoea, zile sauti nne kutoka juu hadi chini: soprano, alto, teno, besi. Baadaye shule ya msingi ya jirani ikamwomba awaandae watoto wa Gredi ya 4 kwa tamasha la muziki. Akawapelekea karatasi ile ile, mistari miwili ya chini ameikata.

Karatasi hiyo iliyokatwa ndiyo inayonisumbua. Wapo wanaoamini kwamba mpangaji ajifunze kwanza kwa kwaya ya watu wazima, aimudu, ndipo awashukie watoto. Wapo wanaosema aanze na watoto, apande nao. Mimi ni wa kundi la pili, ingawa la kwanza lina hoja nzito kuliko ninavyopenda kukiri.

Sauti nne hukufundisha jinsi muziki unavyojengwa. Ukibadilisha noti moja ya besi, wimbo mzima unageuka sura, na hilo hulielewi mpaka ulisikie likitoka kwenye vifua vya wanaume sita. Mifano nayo haikosekani. Solfa tunayoitumia ilianzia kwa Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, ikaboreshwa na kuenezwa na mchungaji John Curwen katika karne ya 19, kisha wamisionari wakaitawanya huku kwetu. Tangu enzi za vituo kama Kaimosi, ambako wamisionari wa Marafiki (Waquaker) walifika mwaka 1902, na Maseno, ambako wamisionari Waanglikana wa CMS walianzisha shule mwaka 1906, kuimba tenzi kwa sauti nne kumekuwa desturi ya Nyanza na Magharibi. Mwanafunzi wa upangaji hahitaji chuo ili apate cha kuchambua. Afungue tu kitabu cha tenzi cha kanisa lake, aangalie besi inatembea vipi sauti ya kwanza inapopanda.

Halafu watu wazima husema. Andika mstari mbaya wa teno Jumatano, na kabla mazoezi hayajaisha mtu atakuambia, "Mwalimu, hapa hapapandiki." Mtoto wa miaka saba hawezi kukuambia hivyo.

Lakini hapo hapo ndipo hoja inapoanza kuvuja. Anayelalamika ni mmoja. Wengine kumi watairekebisha noti kimyakimya. Mzee wa besi aliyeimba miaka thelathini akiona umempa mruko usioimbika, ataimba anachojua kinafaa, na wewe utarudi nyumbani ukiamini umeandika vizuri. Nimezikuta karatasi zangu za zamani zina makosa ya aibu ambayo sikuwahi kuyasikia, kwa sababu kwaya ilinifunika. Watoto hawafuniki. Wataimba ulichoandika, au watashindwa mbele ya wazazi wao, na utajua ni wewe.

Wapangie watoto wa miaka sita au saba uone. Sauti zao zinatulia kuanzia D iliyo juu kidogo ya C ya kati ya kinanda hadi A, pengine B. Hizo ni noti tano au sita. Ukiwapa sauti ya pili inayotembea sambamba na ya kwanza, baada ya mistari miwili wote watakuwa wamehamia kwa mwenye sauti kubwa. Hapo kanuni za sauti nne hazikusaidii sana. Unabaki na ulivyokuwa navyo kabla ya kitabu chochote: kiongozi na waitikiaji, kifungu kifupi kinachorudiwa chini ya wimbo bila kubadilika, mzunguko ambapo kundi moja linaanza na jingine linafuata mapigo manne baadaye, makofi, kayamba. Unalazimika pia kuhesabu pumzi. Kifungu ambacho mtu mzima anakiimba bila kupumua, mtoto atakikata katikati ya neno, na katika lugha zetu neno likikatwa vibaya watu wanacheka.

Kufikia miaka tisa hadi kumi na moja uwanja unapanuka, C ya kati hadi E ya oktava ya juu, na sauti mbili za kweli zinawezekana. Hata hivyo sauti ya pili isiwe alto ya watu wazima iliyopunguzwa. Alto ya tenzi nyingi husimama noti moja mapigo matano, ikishuka nusu hatua kujaza pengo. Ukiondoa teno na besi, pengo lililokuwa likijazwa halipo tena, na mtoto amebaki na mstari usio na kichwa wala miguu. Ndiyo maana zile karatasi zilizokatwa hazisikiki vizuri hata watoto wakiimba noti zote sawasawa. Sauti ya pili ya mtoto inatakiwa iwe na wimbo wake, kiasi kwamba angeweza kuimba peke yake akienda kuteka maji.

Mwalimu mwanamume ana mtego wake. Anatoa noti kwa sauti yake, watoto wanatafuta noti hiyo kwenye vifua vyao, na kwaya nzima inanguruma chini chini kana kwamba ina mafua. Wanahitaji kuisikia oktava ya juu, kwa kinanda, filimbi, au kwa mtoto mmoja aliyeipata.

Solfa ina lake pia, na hili sijasikia likisemwa vya kutosha. Uzuri wake ni kwamba karatasi moja inafaa rika lolote. Ukitaka wimbo upande, unafuta "Doh ni F" juu ya karatasi na kuandika "Doh ni A". Hakuna kingine kinachobadilika. Hatari yake ni hiyo hiyo. Kwenye mistari mitano ya noti, ukiandika mahali pa juu mno jicho lako linaona noti zimetoka nje ya mistari, zinaning'inia. Kwenye solfa, s ni s tu, hata Doh ikiwa juu mno. Mwanafunzi anayejifunzia kwa watu wazima anaweza kukaa miaka miwili asitambue tofauti hii, kwa sababu soprano watu wazima watapiga kelele mpaka wafike. Programu za bure za kuandika noti kama MuseScore zimewasaidia vijana wengi kuona noti zilipo, ila nazo zina uongo wao: kompyuta huimba G ya juu dakika nzima bila kumeza mate.

Siku hizi kuna kundi jingine, na nadhani ndilo litakaloamua ubishi huu. Chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 kwaya ya shule ya msingi ilichanganya watoto wa rika nyingi, na wavulana wachache wa darasa la saba na la nane waliobadilika sauti walifichwa nyuma au waliachwa. Sasa kuna shule ya sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi ya 9, yenye wanafunzi wa takriban miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano. Yaani tumewakusanya mahali pamoja wale ambao sauti zao zinavunjika, tukawaambia waunde kwaya. Koo la mvulana linakua, nyuzi za sauti zinarefuka, na mwishowe sauti inashuka kwa takriban oktava nzima. Lakini haishuki siku moja. Kwa miezi kadhaa anaweza kuwa na noti tano au sita tu za uhakika, karibu na C ya kati, na zile za jana zimetoweka.

Niliwahi kuwaandikia kundi kama hilo teno na besi za kawaida, shule yenyewe nisiitaje. Besi haikusikika kabisa. Teno ilikuwa juu kwa nusu ya wavulana na chini kwa nusu nyingine. Mvulana mmoja aliyekuwa akiongoza vizuri muhula uliotangulia alisimama katikati ya wimbo akaniuliza, "Mwalimu, sauti yangu imeenda wapi?" Wenzake wakacheka, na hakurudi kwenye kwaya mwaka ule. Nilikuwa nimepangia sauti nne kwa miaka mingi na sikuwa na jibu. Ningekuwa nimejizoeza kwa watoto ningejua cha kufanya: mstari mmoja wa wavulana wote, noti nne au tano, unaorudiarudia, wenye mdundo wa kuwafanya wasijione wamepewa makombo. Nimeujaribu tangu hapo. Unafaa, mradi kila baada ya wiki chache uwasikilize upya mmoja mmoja, maana aliyekuwa hapa Mei atakuwa pengine Julai.

Lugha nayo inawapa nguvu upande wa kwanza, nami siwezi kuikwepa. Kijaluo na lugha za Waluhya zina toni: neno lile lile likipandishwa au kushushwa laweza kuwa jingine. Vitabu vya upatanifu (jinsi sauti zinavyoungana) kutoka Ulaya vinakataza sauti mbili kwenda sambamba kwa umbali wa noti tano au wa oktava, na vinasifu sauti moja kupanda nyingine ikishuka. Ukifuata hayo kwenye wimbo wa jando wa Kibukusu au wa maombolezo wa Kijaluo, sauti ya kwanza inasema jambo moja na besi inasema jingine. Njia salama mara nyingi ni ile waliyokatazwa wanafunzi wa Ulaya, sauti kutembea pamoja. Nani atakusahihisha ukikosea? Si watoto wa mjini Kisumu, ambao wengi wanaongea Kiswahili na Sheng kuliko lugha ya nyanya zao. Ni kwaya ya watu wazima, hasa wale mama wa safu ya mbele. Kwa wimbo wa kiasili, basi, hata nikiandika kwa ajili ya Gredi ya 5, naupeleka kwanza kwa wazee wausikie. Ni tamasha lile lile la muziki, lililoanza mwaka 1927, linalotutaka tupange nyimbo za jadi kwa jukwaa. Si haki ziende huko zimepoteza maana.

Wimbo wa Taifa nao unaweza kushuhudia pande zote mbili. Mwaka 1963 tume ya watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilichukua wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto ikautengenezea mwili mkubwa zaidi. Mimi nasema: ona, ulianza kwa sauti moja, mama na mtoto, na ulikuwa umekamilika. Mtu wa kundi la kwanza atanijibu kwamba waliouvalisha walikuwa wameiva katika upatanifu, na bila hivyo ungebaki kitandani. Ana haki. Ila simama uwanjani Jumatatu asubuhi usikilize shule ikiuimba baada ya kiranja kuuanza juu mno. Ufunguo uliokosewa unaweza kuangusha kazi ya tume nzima.

Ninachopendekeza kwa anayeanza si kwamba aikimbie kwaya kubwa. Aendelee kuimba humo, achambue tenzi, aibe kwa masikio. Lakini kalamu yake, kwa mwaka wa kwanza, iandikie watoto. Hakuna pesa, nikuonye mapema, na hakuna atakayekusifu kwa mstari wa noti tano. Mwaka wa pili aende sekondari msingi. Sauti nne zimsubiri mwaka wa tatu.

Jaribio la mwisho la kozi hii isiyo na chuo huwa Desemba, kanisa linapotaka rika zote ziimbe wimbo mmoja Krismasi. Watoto nawapa wimbo wenyewe, katika ufunguo wao na si wa soprano. Vijana wa Gredi ya 8 wanapata kile kifungu cha kurudiarudia. Kwaya kubwa inaweka sauti nne chini, kwa upole, na kwenye kiitikio tu. Wanabaki kina mama wa miaka sitini na kuendelea, ambao zamani walikuwa soprano na sasa sauti zimeshuka, pumzi zimefupika, ila hakuna anayethubutu kuwahamisha safu. Mwaka jana niliwasogeza karibu na teno, nikawaandikia mstari wao ulio kati ya alto na teno, wenye mapumziko mengi. Kwenye karatasi sikujua niuite nini, nikaandika "Kina Nyanya." Waliniita pembeni baada ya mazoezi, nikadhani nimewaudhi. Walitaka nakala yenye herufi kubwa zaidi.