Kosa la ukurasa: mwenyeji aandike kiasi gani?

vcpu 2 rip 0xffffffff8123a4c1 address 0x000000013f7c5000 error_code 0x100000006

Huu ni mfano wa mstari ambao KVM, haipavaiza (programu inayoendesha mashine pepe) iliyomo ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, tangu 2007, huandika, ufuatiliaji ukiwashwa, kila mashine pepe (mgeni) inapogusa ukurasa wa kumbukumbu ambao mwenyeji, yaani mashine halisi inayoibeba, hajauweka tayari. Zamani mstari huo ulikuwa mfupi kama tiketi ya daladala: anwani na namba ya kosa, basi. Mwaka 2022 yakaongezwa mambo mawili: namba ya prosesa pepe iliyopata kosa, na rip, yaani mahali ilipokuwa imefika katika maagizo ya programu. Kwa mtu wa pembeni ni nyongeza ya kupuuza. Kwa anayelala karibu na seva, si kidogo, na swali linalofuata ni kama tuongeze tena.

Kwanza neno lenyewe lisitupotoshe. "Kosa" hapa si ubovu. Mgeni akiomba GB 4, mwenyeji mwenye busara hampi zote papo hapo. Humpa ukurasa pale anapougusa. Prosesa za leo zina jedwali la pili la anwani (EPT kwa Intel, NPT kwa AMD), na ukurasa usipokuwemo kwenye jedwali hilo mgeni husimamishwa, mwenyeji anautafuta, anauandikisha, kisha mgeni anaendelea bila kujua kilichotokea. Kwa kurasa za baiti 4096, GB 4 ni kurasa 1,048,576. Kwa kurasa kubwa za MB 2 ni 2,048 tu. Tofauti hiyo ikae kichwani, tutairudia.

Niliwahi kuhudumia mashine pepe ya hifadhidata ambayo kila ikiwashwa upya ilijikokota nusu saa nzima. Lawama zote zilikwenda kwenye diski, kama kawaida. Diski ndiyo punda wa kila mtu. Nikawasha ufuatiliaji. Namba za makosa ziliishia na 6, ambayo kwenye prosesa za AMD maana yake mgeni anaandika kwenye ukurasa ambao haupo. Zingeishia na 7, ukurasa ungekuwepo ila umezuiwa kuandikwa, hali unayoiona sana mashine inapohamishwa ikiwa hai. Nikatazama anwani: kutoka mstari hadi mstari zilipanda kwa 4096, hazikuruka MB 2. Mwenyeji alikuwa anagawa kurasa ndogo kwa sababu kumbukumbu yake ilishakatikakatika, kurasa kubwa zimeadimika. Mpaka hapo hata mstari wa zamani ungenitosha.

Ila nani alikuwa anazigusa kurasa hizo zote kwa pupa namna ile? Hapo ndipo rip ilipolipa gharama yake. Ilijirudia ileile karibu kila mstari, na nilipoitafuta kwenye orodha ya alama (majina ya kazi na anwani zake) za kerneli ya mgeni, ikawa ni ile kazi, yaani kipande cha programu, ya kujaza ukurasa sifuri kabla ya kuukabidhi kwa programu. Namba za prosesa pepe nazo zilionyesha kwamba zote nane zilikuwa zinaomba kwa wakati mmoja. Hifadhidata ilikuwa inajitengea kumbukumbu yake yote mara tu inapoamka. Diski haikuhusika hata chembe. Tukamtengea mgeni kurasa kubwa tangu mwenyeji anapowaka, hadithi ikaishia hapo.

Kwa hiyo simwelewi sana anayesema nyongeza ya 2022 ilikuwa mapambo. Hoja kwamba inapunguza kasi nayo ni dhaifu: ufuatiliaji ukiwa umezimwa, rip haisomwi kabisa, na kituo cha ufuatiliaji, yaani mahali kwenye kerneli panapoandika mstari huo, hubaki agizo tupu ambalo prosesa hulipita.

Wanaopinga kuongeza zaidi, hata hivyo, wana hoja, na nzito kuliko zote ni ya nafasi. Bafa ya ufuatiliaji ya Linux, yaani nafasi ya kumbukumbu inayohifadhi mistari hiyo, kwa kawaida ni KB 1,408 kwa kila prosesa. Tukio moja la aina hii lina baiti arobaini na kitu, hivyo bafa hubeba matukio 30,000 na ushei. Yule mgeni wa GB 4 kwa kurasa ndogo huzalisha zaidi ya milioni moja. Ikijaa, mapya huyafuta ya zamani. Ukiongeza anwani ya upande wa mwenyeji na namba ya kipande cha kumbukumbu, unajua zaidi kuhusu kila kosa lakini unabaki na makosa machache, na mara nyingi unalolitafuta ni lile la mwanzo ambalo limeshafutwa. Unaweza kupanua bafa, kweli, lakini unaipanua kwenye mashine ileile inayolia njaa ya kumbukumbu.

Hoja ya pili ni ya utawala. Kerneli ya Linux ina sheria ya kutovunja programu za watumiaji, na vituo vya ufuatiliaji vimeshaingia kwenye mtego huo. Mwaka 2011 kufuli kubwa la kerneli lilipoondolewa, sehemu moja ya kila tukio iitwayo lock_depth ilikosa maana, ikatolewa. PowerTOP, programu ya kupima matumizi ya umeme, ikavunjika, kwa sababu ilihesabu baiti kwa kukariri. Suluhisho likawa kurudisha baiti nne tupu, zikakaa pale kwa muda kama kiti cha marehemu ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Anayeongeza sehemu leo ajue huenda anaoa bila talaka.

Halafu kuna wageni wasiotaka kutazamwa. Kwenye mashine pepe za siri, kama zile za AMD SEV-ES, rejista za mgeni (vihifadhi vya ndani ya prosesa, rip ikiwemo) zimefichwa kwa usimbaji na mwenyeji hawezi kuzisoma, kwa hiyo rip iliyopo kwenye mstari haina maana. Inachoudhi ni kwamba mstari wenyewe haukwambii hivyo. Namba inakaa pale na uso mkavu, na asiyejua ataiamini. Hata anwani peke yake si kitu kidogo. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba mfumo endeshi unaodhibiti kurasa unaweza kuchota maandishi na picha kutoka kwenye programu iliyolindwa kwa mfumo uliobuniwa kutumia Intel SGX, kinga ya prosesa inayoficha programu hata kwa mfumo endeshi, kwa kuangalia tu mfuatano wa makosa ya ukurasa. Ni kweli ufuatiliaji unahitaji mamlaka ya juu kwa mwenyeji, lakini kwa mgeni wa aina hii mwenyeji ndiye anayeogopwa.

Wapo wasemao tuiache kerneli, kila mtu aandike hati yake ya BPF (njia ya kuingiza programu ndogo ndani ya kerneli inayoendelea kufanya kazi) na kuibandika kwenye kazi anayotaka. Nimefanya hivyo, na ni raha mpaka siku ya kusasisha kerneli. Majina ya kazi za ndani hubadilika, nyingine humezwa na kompaila zisionekane tena, na hati iliyokuokoa mwaka jana inakaa kimya bila kukwambia kwamba imekufa. Kwa uchunguzi wa mara moja inatosha. Kwa timu inayobadilishana zamu, hapana.

Mimi ningeuacha mstari huu unaoandikwa kosa linapoanza kama ulivyo, ila niongeze alama ya wazi pale ambapo rip haisomeki, na ningeongeza tukio jingine dogo la kosa linapoisha: prosesa pepe, anwani, na matokeo. KVM yenyewe ndani hujua kama kosa limerekebishwa, linarudiwa, au lilikuwa la bure kwa kuwa prosesa nyingine ilishalitatua. Kwa sasa anwani ileile ikitokea mara tatu, huwezi kujua kama ni kurudia au ni kuporwa ukurasa na kuuomba upya. Muda unaweza kuukokotoa kwa kulinganisha matukio ya kutoka na kuingia kwa mgeni, lakini hayo hayakwambii kosa liliishaje.

Tukio la pili litakula nafasi, najua. Makosa 30,000 ndani ya bafa yatapungua yawe kama 17,000. Kwa ile hifadhidata yangu, ningeyachukua hayo 17,000 bila kusita.