Ukitaka Mwislamu, Oa Mwislamu

Jumamosi nilikuwa kwenye kwanjula, ile sherehe ya kutambulishana kabla ya harusi, huku Bugembe, Jinja, Uganda, na mpaka leo sijatulia. Chakula kilikuwa kizuri, magauni ya gomesi yalimeremeta, msemaji wa wageni alichekesha watu mpaka wakalia. Kisha akasimama mjomba wa bwana harusi, kanzu nyeupe, kofia imenyooka, akatangaza kwamba bibi harusi ameshasilimu tangu Alhamisi na jina lake si lile la zamani tena. Takbir! Hema zima likaitikia. Mama mzazi wa binti, Mkatoliki wa rozari kila jioni, akainama akawa anatazama mikono yake.

Baadaye nilimfuata binti kule nyuma alikokuwa anabadilishwa nguo. Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha dini. "Shangazi, sheikh alisoma, mimi nikafuatisha." Na swala? "Nitajifunza tukishaoana."

Huyo hajasilimu. Huyo amejaziwa fomu.

Kabla hamjanirukia: mimi ni Mwislamu, mtoto wa mtaa wa Walukuba, Jinja, na naamini kabisa kwamba mtu anayeijali dini yake aoane na wa dini yake. Sisi wa Walukuba hatuhitaji kufundishwa kuishi na watu. Baba zetu walikuja Jinja kufuata kazi za viwandani, kila mmoja na kabila lake na Mungu wake, Kiswahili kikatuunganisha, na mpaka leo pilau ya Idi inavuka ua na keki ya Krismasi inarudi. Lakini kula na jirani si sawa na kulala na mume. Daku unaamshwa na nani, kama mwenzio hafungi? Mtoto akizaliwa, ni akika au ubatizo? Na mazishi! Sisi tunazika leo leo. Wenzetu wanamngoja mtoto wa kwanza atoke London, wanakesha na muziki. Nimeona ukoo mbili zikigombania maiti ya mtu ambaye alipokuwa hai hakuna aliyemuuliza anataka azikweje. Basi wanaosema mapenzi hayana dini nawapa pole mapema.

Sasa kama jambo lenyewe ni zito hivyo, lichague mwanzoni. Ndilo ninalotaka kusema, na nitalisema kwa sauti. Kama unataka mke Mwislamu, wasichana Waislamu wapo, wamejaa Bombo, wamejaa Iganga, wamejaa Yumbe. Usiende chuoni ukampenda Mkatoliki miaka mitatu, ukala ugali wa mama yake, ukaenda naye mpaka misa ya Pasaka ukiwa umevaa shati zuri, halafu ikifika wiki ya kwanjula ndipo ukoo wako unakumbuka kwamba kuna dini. Mlikuwa wapi?

Na mnalidai kwa kitabu gani? Sura ya Al-Maida, aya ya 5, inamruhusu mwanamume Mwislamu kuoa mwanamke mwema katika watu wa Kitabu. Haikusema akishabadilika ndiyo aolewe. Al-Baqara 256 inasema hakuna kulazimishana katika dini, na aya hiyo tunaipenda sana tunapojibu wazungu, ila kwenye kikao cha ukoo inapotea. Aliyemtaka yule binti abadilike si Mungu. Ni mjomba.

Haya, mtaniambia habari ya mirathi. Nakubali, shingo upande. Kwa sheria yetu asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, na mjane Mkristo anaweza kubaki anaangalia ukuta. Lakini dawa yake inajulikana: mwanamume aandike wasia, theluthi ya mali yake anaweza kumwachia asiye mrithi, na kiwanja kinunuliwe kwa majina ya wote wawili wangali hai. Mjomba hakutaja wasia hata kidogo. Alitaja jina tu, kwa sababu jina ni la bure.

Wakristo msicheke, nanyi nawajua. Kanisa Katoliki lina utaratibu wake mzuri tu: Mkatoliki anaomba ruhusa kwa askofu, anaahidi kufanya awezavyo watoto wabatizwe, mwenzake anajulishwa ahadi hiyo, basi. Hakuna anayeambiwa ahame. Ila nenda ukawasikilize akina mama wa ukoo jikoni, ndipo utajua sheria za kanisa zimetungwa upya. Na walokole ndiyo kabisa. Kwao hata Mkatoliki si Mkristo mpaka azamishwe tena kwenye maji, na 2 Wakorintho 6:14, ile ya msifungiwe nira na wasioamini, wanaisoma asubuhi na jioni. Wageuze kurasa kurudi nyuma kidogo wafike 1 Wakorintho 7:12, Paulo anamwambia ndugu mwenye mke asiyeamini, na mke amekubali kukaa naye, asimwache.

Kinachonichoma zaidi ni nani anayehamishwa. Ni msichana. Karibu kila mara ni msichana. Kaka yangu ana ruhusa ya kuoa Mkristo, mimi wanazuoni wamenifungia mlango, na mwanamume anayenitaka lazima asilimu kwanza. Sitabishana na wanazuoni kwenye makala. Lakini hao wanaosilimu kwa ajili yetu nao tunawaona: shahada leo, pombe ya waragi Jumapili. Tunapata jina kwenye cheti na mume yuleyule.

Kisha kila tarehe 3 Juni nchi nzima inafunga ofisi, watu wanatembea kwa miguu majuma mpaka Namugongo kuwaheshimu vijana Wakristo waliouawa na Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda, kati ya 1885 na 1887, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Sisi nasi tuna wetu, wale vijana wa ikulu wa miaka ya 1870 waliokataa nyama isiyochinjwa na Mwislamu, Kabaka Mutesa akawaua. Watoto hawa walimkatalia Kabaka mwenyewe. Alikuwa na moto, alikuwa na mikuki, wakasema hapana. Tunawasifu. Halafu tunarudi nyumbani tunamtaka binti wa watu auache ubatizo wake kwa sababu ya hema la kukodi na kreti za soda.

Mabinti, na hili ni la kisheria, lisikilizeni. Ndoa ya Kiislamu inakwenda chini ya sheria ya 1906, na hiyo haimzuii bwana kuongeza mke wa pili, wa tatu, wa nne. Ndoa ya kanisani na ya serikali zinakwenda chini ya sheria ya 1904: mume mmoja, mke mmoja. Kwa hiyo ukifuatisha maneno ya sheikh Alhamisi bila kuuliza, hujabadilisha jina tu. Muulize huyo bwana ana mpango gani, na umuulize mbele ya shangazi zako, si kwenye simu usiku.

Kama dini imekuingia moyoni, karibu, nitakufundisha kutawadha mimi mwenyewe, hata kama hakuna harusi. Na kama mmependana kila mmoja na dini yake na hamtaki kudanganyana, ofisi ya msajili wa ndoa ipo. Haiulizi mnasali wapi. Inabandika tangazo siku 21, na siku 21 zinatosha ukoo wote mbili kupiga kelele mpaka sauti ikauke.