Nililipia Kitanda, Wenyewe Walitaka Nikeshe

Niseme mapema kwamba mimi si mcheza kamari, wala sikwenda kule kumhubiria mtu. Nilikwenda kulala. Mimi na mke wangu tulikuwa tunatimiza miaka kumi ya ndoa, tukadunduliza miezi kadhaa, tukachagua hoteli ya kifahari yenye kasino kwa sababu picha zake zilituteka: bwawa la kuogelea juu ya paa, bafu la marumaru, kitanda kipana cha kumpoteza mtoto ndani yake. Siku mbili tu. Bei siitaji, maana mama yangu husoma ninayoandika.

Tulidhani tunakwenda kwenye hoteli ambayo ndani yake kuna kasino. Tulifika kwenye kasino ambayo juu yake wamepanga vitanda, na karibu kila kilichotuudhi kilianzia hapo.

Mapokezi palikuwa na foleni ndefu, na pembeni yake meza nyingine isiyo na mtu hata mmoja, yenye wahudumu wawili wamekaa wanaongea. Hiyo ilikuwa ya wenye kadi ya uanachama wa kasino. Zamu yetu ilipofika tukaambiwa kuna ada ya huduma, kwa kila usiku, juu ya bei tuliyokwisha kulipa: intaneti, chumba cha mazoezi na chupa mbili za maji. Nikamuuliza dada wa mapokezi kama naweza kuiacha intaneti, na ada nayo iniache. Akatabasamu. "Inalipwa na kila mgeni, bwana." Huko Marekani, ambako mtindo huu ulisambaa kupitia hoteli za Las Vegas, tangu Mei 2025 kuna kanuni ya serikali inayozitaka hoteli zionyeshe bei kamili pamoja na ada zote za lazima tangu mwanzo. Ada yenyewe haikupigwa marufuku, kuificha ndiko kumekatazwa. Hata hicho kidogo kingenisaidia, maana ningekasirika nyumbani, bure.

Kutoka mapokezi hadi kwenye lifti hakuna njia ila kukatiza ukumbi wa kamari. Nasema kukatiza, lakini hukatizi, unazungushwa. Zulia lina maua makubwa ya rangi zinazogombana, njia inapinda kila baada ya mashine kumi, na vibao vya "Lifti" vinaonekana vizuri ukiwa umeshapotea. Siku ya pili nilizihesabu hatua: 312. Ukutani hakuna saa, hakuna dirisha. Kwa muda mrefu waliobuni kasino walipenda dari fupi na vichochoro vya mashine ili mtu akiingia asahau njia ya kutokea. Baadaye wengine wakafuata mkondo wa hoteli ya kasino ya Bellagio, Las Vegas, iliyofunguliwa mwaka 1998: dari ndefu, maua, mwanga, mtu ajisikie mfalme. Ya kwetu ilichukua dari ndefu ya hawa na vichochoro vya wale. Ukitaka kuogelea, unapita hapo. Chai ya asubuhi, hapo hapo. Umesahau miwani chumbani, utapita mara mbili.

Chumba, niwe mkweli, kilikuwa kizuri kwa macho. Lile bafu la kwenye picha lilikuwepo kweli. Ila mapazia yalinuka sigara iliyofunikwa kwa marashi, na marashi yakishindwa, vyote viwili unavinusa kwa pamoja. Kiyoyozi kilikuwa na baridi ya aina moja tu. Na chumba kizima, chenye taa kumi na nne (nilizihesabu pia, usiku ulikuwa mrefu), hakikuwa na birika la kuchemshia maji. Nilidhani limesahaulika. Nikapiga simu chini nikajibiwa kwamba vyumba havina birika, ila vinywaji vya moto vinapatikana "saa zote katika ukumbi".

Kwa hiyo saa 9 usiku, mke wangu akiwa na mafua yaliyochochewa na kile kiyoyozi, nilivaa viatu nikashuka kutafuta maji ya moto. Kibanda cha kahawa kilikuwa kimefungwa. Akapita mhudumu na sinia la vinywaji akiwagawia waliokaa kwenye mashine, na hakuna aliyelipa. Nikamsimamisha.

"Samahani dada, naomba maji ya moto kikombe kimoja tu."

"Vinywaji ni vya wanaocheza, kaka. Kaa kwenye mashine yoyote, nitakuletea."

Nikakaa. Nikaingiza noti ndogo kuliko zote ambazo mashine ilikubali, nikaanza kubofya kitufe taratibu kama anayepima dawa. Cheri, kengele, ndimu. Jirani yangu wa kushoto hakugeuka hata mara moja. Noti ikaisha, maji hayajaja. Nikaingiza nyingine, nikaona aibu kidogo, maana sasa nilikuwa nacheza kamari saa 9 usiku kwa ajili ya kikombe cha maji. Yalipofika yalikuwa ya uvuguvugu. Nikazitembea zile hatua 312 nikiwa nimeshika sahani ya kikombe kwa mikono miwili. Mke wangu alikuwa ameamka, akanitazama, akasema, "Baba watoto, ulikwenda kuchota kisimani?"

Asubuhi kwenye lifti nilikutana na mzee mmoja mchangamfu, akaniambia hiyo ni mara yake ya tatu mwaka huu na hajawahi kulipia chumba. Hapo ndipo hesabu yote iliponikaa sawa. Kasino hukadiria kiasi unachotarajiwa kupoteza: wastani wa dau lako, mara idadi ya michezo kwa saa, mara saa ulizokaa, mara asilimia inayobaki kwa kasino. Gurudumu la ruleti, mchezo wa kubahatisha kijipira kitatua kwenye kishimo kipi, likiwa na sifuri moja lina vishimo 37 na kasino hubaki na asilimia 2.7 ya kila dau. La kwetu lilikuwa na sifuri mbili, vishimo 38, asilimia 5.26. Ukiweka 10 kila mzunguko, mizunguko 40 kwa saa, kwa saa nne, umepitisha 1,600 mezani na wanatarajia 84 zibaki kwao. Sehemu ya hizo hurudishwa kwako kwa sura ya chumba, chakula, foleni fupi. Yule mzee alikuwa amelipia chumba chake vizuri kuliko mimi, ila alikilipia chini, mezani, na akapewa heshima juu yake. Mimi niliyelipa bei nzima ya kitanda nilikuwa kama mtu aliyeingia dukani kuulizia saa.

Watetezi wa hoteli hizi husema kamari ndiyo inayoshusha bei za vyumba, na zamani ilikuwa hivyo. Vyumba viliuzwa kwa bei ya kutupa ili watu wajae mezani. Siku hizi, kule Las Vegas kwenyewe, hoteli kubwa huingiza fedha nyingi zaidi kwenye vyumba, chakula na burudani kuliko kwenye kamari, na bei zimepanda kufuata hali hiyo. Ningeielewa hoteli rahisi inayonipitisha kwenye mashine za sloti. Na ningeielewa hoteli ghali inayoniachia nifike kitandani kwa amani. Kutozwa kwa bei ya pili na kuhudumiwa kwa kipimo cha ya kwanza, hapo nakataa.

Siku ya kuondoka kwenye ankara kulikuwa na juisi ambayo hatukuinywa. Friji ndogo ya chumbani ina vihisio. Mke wangu aliisogeza chupa ya juisi ili apate nafasi ya maji yake, na friji ikahesabu mauzo. Hapo nikayatoa yote, kwa upole lakini kwa mfululizo: kiyoyozi, sigara, birika, juisi. Dada wa mapokezi alisikiliza vizuri (wafanyakazi, kwa kweli, sina neno nao, na aliyetusafishia chumba alitutafutia blanketi la ziada bila kuombwa). Juisi akaifuta palepale. Akaingia ndani kumwuliza mkubwa wake, akarudi na bahasha nzuri, karatasi nzito, nembo ya dhahabu.

Ndani mlikuwa na kuponi ya kuchezea mezani, haibadilishwi na fedha taslimu. Inatumika siku hiyo tu, kuanzia saa 10 jioni. Mwisho wa kukabidhi chumba ulikuwa saa 5 asubuhi.