Mama anataka na miguu itoke

Hapa Hamburg napiga picha kwa kuajiriwa: harusi, watoto wachanga, watu wanaotaka sura ya kuambatanisha na maombi ya kazi. Mteja akija na familia yake, ombi ni lilelile karibu kila mara: wasionekane kama wanapigwa picha. Mtoto akimbie, baba acheke huku akitazama pembeni, mama ashughulike na kofia ya mtoto. Mimi nijifanye sipo.

Nikienda likizo Unguja, ombi hilo halina pa kukaa. Mama akiona tu nimeshika kamera, anaingia ndani. Akitoka amebadili buibui, mtandio umekaa sawasawa, anakwenda moja kwa moja kwenye kiti, mgongo wima, mikono mapajani. "Na miguu itoke, mwanangu. Usinikate." Shangazi naye ana upande wake anaoutaka, na mikufu lazima ionekane. Hakuna anayecheka. Vicheko ni kabla ya picha na baada yake.

Vijana wa fani yangu waliojifunzia mtandaoni huuita huo ushamba wa studio za zamani. Mimi siafikiani nao. Mama amekulia mji ambao Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio tangu mwaka 1930, na watu wa rika lake walikuwa wakienda studio mambo yote yameshapangwa nyumbani: nguo ipi, nani akae, nani asimame nyuma. Fundi alishughulika na taa na kubonyeza. Mwenye sura ndiye aliyeamua sura iwe vipi.

Ujerumani nako mwenye sura ana haki zake, tena nzito. Bismarck, aliyewahi kuwa kansela wa Ujerumani, alipofariki mwaka 1898 huko Friedrichsruh, karibu na hapa ninapoishi, wapiga picha wawili, Willy Wilcke na Max Priester, walipenya usiku hadi chumbani wakapiga picha maiti. Familia ikawashitaki, wakafungwa. Sakata hilo lilichangia kuzaliwa kwa sheria ya mwaka 1907 inayofuatwa hadi leo: picha ya mtu haisambazwi wala kuoneshwa hadharani bila ridhaa yake, na akishafariki, kwa miaka 10 wanaoulizwa ni ndugu zake wa karibu. Ipo misamaha, kwa mfano aliyetokea tu kwa mbali kwenye picha ya mandhari, lakini kanuni ndiyo hiyo.

Ninachokiona mimi ni kwamba sheria hiyo inauliza picha inakwenda wapi. Haimuulizi mtu anataka atoke vipi. Kwa mteja hilo halinisumbui: anachagua, analipa, tunaagana. Kwa mama mzazi ni jambo jingine, maana picha hiyo ndiyo itakayotundikwa sebuleni, na wajukuu ambao hawatamkuta watamjua kwayo. Nikimnasa amejisahau, ameinama anatafuta kiatu, huenda nikapata picha ya kushindania tuzo. Atakayefurahi ni mimi peke yangu.

Wala utaalamu haupungui kwa kutii. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Buibui jeusi likijaza fremu, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na uso wa mama unapauka. Wanangu nikiwapiga kwenye theluji ya Hamburg ni kinyume chake: inapunguza mwanga, nyuso zao zinakuwa kama zimepakwa masizi. Kwa mama napunguza, kwa watoto naongeza, kisha nasubiri amri. Kazi ipo tele, ila haionekani, na sidhani kama ni lazima ionekane.

Ninapogombana na watu wa kwetu ni kwenye ugonjwa na misiba. Mjomba kalala wodini, mdomo wazi, dripu mkononi, mpwa anatoa simu, na kabla jua halijatua picha iko kwenye makundi matatu ya ukoo. Mjomba huyohuyo, akiwa mzima, hakubali kupigwa bila koti na kofia! Ndiyo maana hoja ya "sisi ni familia, hatufichani" hainiingii. Anayehitaji habari za mgonjwa anaweza kuambiwa kwa maneno: amekula, homa imeshuka, daktari kasema hivi. Nasi tulio mbali tunaoomba "tutumieni picha tumuone" tunalichochea hilo. Tungeacha kuomba, wapwa wasingepiga.

Mimi huombwa zaidi kuliko wengine, kwa kuwa "kamera yako inatoa vizuri." Nakataa. Huambiwa Uzungu umeniingia, hata mbele ya mgonjwa mwenyewe, na wanaosema hivyo ni walewale wanaonirudishia picha ya Idi kwa sababu ukosi ulikunjika.